Majani ya Januari

Mwezi wa Januari mjini Bristol miti mingi huwa mitupu, na anayetafuta majani mabichi sharti ajue pa kwenda. Mzee aliyenipangisha chumba cha juu nilipokuwa mwanafunzi huko alijua. Alitoka asubuhi na mfuko wa kitambaa na mkasi wa bustani, akashika njia ya nyuma ya reli ambako vichaka vya blakiberi hubaki na majani yake msimu mzima wa baridi. Alikata tawi moja hapa, jingine pale, asikiache kichaka chochote uchi. Nyumbani aliyasuuza majani, akayakung'uta, akayatandaza juu ya gazeti yakauke. Ndipo alipofungua mlango wa chumba cha nyuma, ambamo marehemu mkewe alikuwa akishona nguo, na joto la Karibi likatupiga usoni.

Juu ya meza palikuwa na masanduku ya kioo yaliyounganishwa kwa vijiti, na kila mguu wa meza ulisimama ndani ya sahani ya maji asije mmoja akatoroka. Humo walikaa sisimizi wakata majani wa aina ya Acromyrmex octospinosus, rangi ya udongo mwekundu, wenye miiba mgongoni. Mzee alikuwa mzaliwa wa Trinidad. Huko sisimizi hawa huitwa bachac, na mkulima wa machungwa au kakao hawataji kwa wema, maana wakiuamkia mti mchanga huuvua majani yote. Baba yake alipigana nao maisha yake yote. Yeye, akiwa mjane katika nchi ya baridi, alipewa malkia mmoja na mtu wa chuo kikuu akamlea mpaka akawa na maelfu ya watoto.

Nimekutana na mafundi wengi waliosifiwa kuliko yeye: wachonga milango, waunda majahazi, wasukaji wa mikeka. Sijaona mwenye mkono mtulivu kumshinda. Kazi yake, pengine, haikuwa na jina wala soko, na ndiyo maana naona ni wajibu wangu kuisifu.

Sisimizi hawa hawali majani wanayoyakata. Hunywa utomvu kidogo, basi. Jani ni la kuvu. Hulipasua vipande vidogo, huvilamba na kuvitafuna mpaka viwe rojo, huvipanga juu ya bustani yao, kisha huchukua nyuzi za kuvu kutoka sehemu iliyokwisha kushika wakazipandikiza juu ya rojo hilo na kuzirutubisha kwa kinyesi chao. Kuvu nayo huota vichwa vidogo vilivyojaa lishe, na hicho ndicho chakula cha mabuu na cha malkia. Kwa hiyo anayewalea huwa kwa kweli anakilea kiumbe kisicho na mdomo wala mguu, ambacho huanza kuugua siku kadhaa kabla ya jicho la kawaida kung'amua. Mzee aliitazama bustani ile kila asubuhi kabla ya kuchemsha chai yake. Alitazama juu, penye majani mapya, kama weupe unapanda kuyafunika. Alitazama chini, penye kahawia ya mabaki yaliyokwisha kunyonywa, kama inaondolewa kwa wakati au inalundikana. Matone yakijitokeza kwenye kioo alisogeza kifuniko upana wa ukucha. Nyuzi zikianza kusinyaa aliweka pamba yenye maji pembeni, kamwe si juu yake. Chumba kile kilikaa kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi, wakati jikoni mwake mwenyewe alikula chakula amevaa koti. Gesi ya kupasha joto nyumba ni ghali Uingereza, naye alikwisha kuamua iende wapi.

Kuna jambo moja aliloweza kunionyesha kwa saa nzima bila kuchoka, nami sikuchoka kuangalia. Sisimizi kijana wa umbo kubwa akitoka kwenye kifukofuko huwa na rangi hafifu, mwili laini. Baada ya siku chache huanza kupauka, na punde si punde kifua chake chote kimefunikwa na vumbi jeupe, kama mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga unga. Hapo ndipo anaposhughulika zaidi na bustani. Wiki zikipita, weupe unapungua, naye anasogea kuelekea mlangoni. Wale wanaokata majani nje huwa wameiva, wekundu wa kung'aa, wengi wao bila unga mwilini. Kwa miaka mingi vitabu vilisema weupe ule ni nta tu. Mwaka 1999 Cameron Currie na wenzake walionyesha kwamba ni bakteria walio hai, wanaotengeneza dawa dhidi ya Escovopsis, kuvu adui ambayo kazi yake ni kuvamia bustani za sisimizi hawa. Kumbe mkulima huyu hutembea na dawa ya shamba mwilini. Mzee aliisoma habari hiyo, akaikata, akaibandika nyuma ya mlango. Lakini hata kabla ya kuisoma alikwisha kuona kwamba weupe hukaa ndani na wekundu hutoka nje, na akalifuata hilo katika utaratibu wake: alikuwa na vibanio viwili, kimoja cha upande wa bustani, kingine cha sanduku la taka, na havikulala kwenye droo moja. Sisimizi wenyewe hufanya vivyo hivyo. Wanaobeba taka ni wazee, na wakishaanza kazi hiyo hawarudi tena kushika bustani.

Majani aliyachagua kwa woga wa kweli. Siku moja jirani, mama mkarimu, alileta fungu la matawi ya waridi. Sisimizi waliyakata kwa bidii. Zilipopita siku kadhaa waliyakataa, wakayabeba yaliyobaki wakayatupa. Mzee hakuuliza ya waridi peke yake. Alimuuliza yule mama kwa upole alinyunyizia nini bustani yake, na naam, alikuwa amepiga dawa ya ukungu. Sumu ile haikumgusa sisimizi hata mmoja. Iliigusa kuvu, na kuvu, kwa njia ambayo pua zetu haziwezi kuipata, ikawafikishia wakulima wake habari kwamba chakula hiki kinauma. Watafiti wameliona jambo hilo maabara. Baadaye mzee aliwapa waridi safi kutoka bustani nyingine kabisa, wakayapita kwa wiki kadhaa bila kuyagusa. Alifurahi sana, akasema hiyo ndiyo heshima: shamba likisema, mkulima anasikia, na anakumbuka.

Ulimwengu wa wasomi uliichelewa siri ya bustani hizi. Watu walidhani sisimizi hawa wanakula majani, au wanaezekea vyumba vyao kwayo. Thomas Belt, mhandisi Mwingereza aliyesimamia machimbo ya dhahabu Chontales, Nicaragua, aliona bustani yake ikimalizwa, akaanza kuwamiminia asidi ya kaboliki kwenye mashimo. Huku akiwaua, akawatazama. Aliona wakihama na kuokoa vipande vya kuvu pamoja na watoto wao, naye katika kitabu chake cha mwaka 1874 akaandika kwamba majani yale ni mbolea, na kwamba hawa ni wakulima wa kuvu. Alfred Möller akathibitisha kule Blumenau, Brazili, mwaka 1893. Nawashukuru wote wawili. Ila kilimo hicho kimekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 50, na malkia wa leo bado anaanza kwa desturi ile ile: akiruka kwa harusi yake ya pekee huwa amebeba donge dogo la kuvu ya nyumba ya mama yake katika kifuko kilicho chini ya mdomo, na likimfia kabla halijashika, hana pa kukopa.

Sisi wa Afrika tulipaswa kuwa watu wa mwisho kushangazwa na haya. Mchwa wetu wa vichuguu ni wakulima wa kuvu pia, kwa miaka milioni 30 hivi, ingawa si ndugu wa sisimizi na kwao mfalme hafi baada ya harusi, hubaki na malkia wake chumbani. Kuvu yao ndiyo inayotupatia, mvua zikinyesha, ule uyoga wa kichuguu, ambao mpaka leo watu hawajafanikiwa kuulima kibiashara bila mchwa. Nyanya yangu, upande wa Kakamega, alikuwa na vichuguu vyake. Alivijua kimoja kimoja, kipi kinatoa kumbikumbi wa usiku na kipi wa mchana. Alifunika kichuguu kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu, akaacha njia moja ya kutokea inayoishia kwenye shimo, kisha sisi watoto tukawekwa kugonga vijiti na kuimba, maana wazee husema mchwa wakisikia mdundo ule hudhani ni mvua. Tuligonga mpaka mikono ikafa ganzi, na mbawa zikaanza kutoka ardhini. Hakuna aliyeruhusiwa kuchimba. Nyanya alisema mwenye kuchimba amekula mara moja.

Nilipomsimulia mzee habari hizo, alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nimgongee mdundo huo mezani. Nikagonga. Akaomba tena.

Siku hizi ufugaji wa sisimizi umekuwa bidhaa. Malkia hutiwa kwenye kijibomba cha kioo chenye pamba, akatumwa kwa posta kwa mtu ambaye hajui atakula nini, na anayenunua hutaka kwanza picha, halafu mengine yatajulikana. Wakenya tulilishuhudia mwaka 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walipokamatwa Naivasha na malkia wapatao 5,000, wengi wao Messor cephalotes, wale sisimizi wakubwa wavunao mbegu, wamepangwa kwenye vijibomba zaidi ya 2,000. Mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Watu walicheka: kesi ya sisimizi! Mimi sikuona la kuchekesha. Kila malkia yule alikuwa mji mzima ambao haukujengwa, na udongo aliotolewa umepoteza wavunaji wake. Tena kinachouzwa ni mdudu tu, ujuzi haumo. Hakuna kijibomba cha kutia ile asubuhi ya kutazama kabla ya chai. Kwa mkata majani ni balaa zaidi, maana mvuna mbegu unaweza kumsahau siku mbili tatu akajikimu na akiba yake. Bustani ya kuvu haina akiba, ukiisahau inaoza.

Mzee alifariki nikiwa nimekwisha kurudi Kenya. Jamaa zake, watu wema waliokaa mbali, walihitaji kuuza nyumba, wakatangaza masanduku pamoja na wenyeji wake. Alikuja kijana mmoja. Niliambiwa na jirani yule wa waridi kwamba aliuliza uzito wa vioo, akauliza kama watahimili safari ya gari, akapiga picha nyingi. Kuhusu majani hakuuliza. Vibanio viwili alivitia kwenye mfuko mmoja. Kabla ya majira ya kuchipua habari zilirudi kwamba bustani imegeuka kijani cha ukungu mwingine na sisimizi wanaibeba nje kipande kwa kipande.

Simlaumu kijana kwa kutojua. Nalaumu uharaka unaoona kwamba kumiliki kunatosha, na uharaka huo nimeukuta kwetu pia. Katika vichuguu vya nyanya kimebaki kimoja, mpakani. Vingine vilimwagiwa dizeli na dawa ya dukani ili pajengwe, na jembe likamaliza kazi. Binamu zangu wana nyumba nzuri za matofali, na mchwa kweli hula mbao za watu, sikatai. Lakini zamani palikuwa na mtu wa kusema kichuguu hiki kina madhara, kile kina faida, kiacheni.

Mvua za mwaka jana uyoga ulitoka kwenye kile kimoja, mweupe, mwingi, kofia pana kuliko kiganja. Watoto walikuja mbio kutuita. Tulisimama tukiuangalia, watu wazima wanne, wawili wetu tukiwa na shahada za chuo kikuu. Watoto wakauliza kama huu ndio unaoliwa au ni ule wenye sumu unaofanana nao. Mama yao alisema afadhali tuuache, na alifanya vyema, kwa kuwa miongoni mwetu hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuapa.