Guru Gani?

Nilikuwa nateremka milima ya Lukumburu nikitokea Njombe, mama yangu mzazi amekaa kando yangu, amejifunika kitenge hadi kidevuni, homa imempanda. Nilitaka jambo dogo tu: kumwarifu shemeji yangu aliyeko Songea mjini atangulie hospitali na kutusubiri mlangoni. Simu ilikuwa kwenye kishikio chake mbele yangu, nami nilikwisha kuambiwa na vijana wa dukani kwamba siku hizi simu haina haja ya kushikwa. Unaisemesha, nayo inapiga. Basi nikaisemesha. Nikataja jina kama nilivyoliandika mwenyewe, Shemeji Ndunguru. Ikafikiri kidogo, kisha ikaniuliza kwa Kiingereza ni guru gani nimtakaye.

Nikarudia. Mara hii ikatangaza kwamba inampigia muuza matairi wa Makambako. Nikaikata. Nikarudia kwa sauti ya juu, kama mtu anayesema na kiziwi, hata mama akageuka akauliza, "Mwanangu, unagombana na nani?" Nikatupa jicho kwenye kioo cha simu nione imeandika nini. Nilipoinua macho, lori la makaa ya mawe lilikuwa linapanda kona, na nusu ya gari langu ilikuwa upande wake. Dereva alipiga honi, nami nikarudi kushoto. Yeye akapita. Sikusema neno lingine, si kwa simu wala kwa mama, kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuchunguza ufundi huu kama mtu achunguzavyo mbuzi aliyeuziwa gizani. Neno linalotumika kuusifu ni kwamba unaacha mikono huru. Ni kweli, mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Lakini si mikono iliyotaka kutuua pale Lukumburu. Jicho lilikwenda kwenye kioo kwa sababu akili ilikuwa imekwisha kwenda huko kabla yake, ikitafuta kwa nini haieleweki.

Wenzetu wa Marekani wamelipima jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, wakifanya kazi na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, walieleza kwamba kwa mitambo ya sauti iliyo mibaya zaidi, akili ya dereva inaweza kubaki imetekwa hata sekunde 27 baada ya kumaliza kuongea na mtambo. Piga hesabu, msomaji. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao kwenye kona zetu si mwendo wa fujo, sekunde 27 ni mita 300. Kwa kilomita 80, pale barabara inaponyooka, ni mita 600. Na wale waliopimwa walikuwa wakitumia mitambo iliyotengenezwa kwa lugha yao. Mimi nilikuwa naita jina la Kimatengo kwa mashine iliyofundishwa Kiingereza.

Hapa ndipo penye kiini cha manung'uniko yangu. Tazama majina ya kwetu Ruvuma: Ndunguru, Ngonyani, Nchimbi, Mbawala. Yanaanza puani na mdomoni kwa pamoja, na sikio la Kiingereza halina neno linaloanza hivyo. Likikutana nayo ama huongeza irabu mbele, ama hukata kichwa na kubaki na mkia. Ndivyo Ndunguru alivyogeuka guru. Na hata tukiacha koo, hebu fungua simu ya mtu yeyote wa hapa uone alivyowaandika watu wake. Mimi nina Mama Mdogo Mbinga, Mama Mdogo Namtumbo na Mama Mdogo Peramiho. Nina Fundi Gari, Baba Mkwe na Mwenyekiti Kikoba. Hayo si majina ya cheti cha kuzaliwa. Ni undugu, kazi na mahali, na ndivyo tunavyojuana. Mashine inataka jina la kwanza na la ukoo, kama karani wa mpakani.

Nisiwe mdhalimu. Kiswahili hakikuachwa kabisa. Mwaka 2017 Google waliongeza Kiswahili katika lugha ambazo mtu anaweza kuzisema na simu ikaziandika, na kazi hiyo, nikiwa nimekaa barazani, inanisaidia. Nikisema nitafika kesho asubuhi, inaandika nitafika kesho asubuhi. Lakini kuandika sentensi ni jambo moja, na kumpata mtu ni jambo jingine. Mashine hizi hukisia. Hupendelea neno lililosikika mara nyingi kuliko lile lililosikika mara chache. Kesho limesikika mara nyingi. Shemeji yangu je? Isitoshe, simu yangu hutuma sauti kwenye kompyuta za mbali ikaulize, na milimani mtandao ukipotea hata hilo swali halifiki.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba zamani tulikuwa nacho kilicho bora. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na nafasi ya majina machache ambayo mwenye simu aliyarekodi kwa sauti yake mwenyewe. Ukitaka kupiga, unasema tena vile vile, nayo inalinganisha sauti na sauti. Haikujua Kiingereza wala Kingoni. Ungeweza kumrekodi mkeo kwa mluzi. Nathubutu kusema kwamba simu ile, ambayo leo watoto wanaichekea, ilikuwa na adabu kuliko hii inayoitwa janja, kwani ile ilijifunza kwa bwana wake, na hii inamtaka bwana wake ajifunze kwayo.

Na watu wanajifunza! Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alinipa dawa akiwa na nia njema kabisa. Alisema, badilisha majina yawe ya Kiingereza chepesi. Yeye amekwisha kubadilisha yote. Nikajaribu kwa Baba Mkwe, nikamwandika Boss. Simu ilimpata papo hapo, bila kigugumizi. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne simu ikalia mezani, mke wangu akaiokota na kuuliza huyu Boss ni nani, maana sina bosi. Nikamwambia ni baba yake. Alinitazama kwa muda, akaniwekea simu mkononi, akarudi jikoni. Usiku ule ule nilimrudishia mzee jina lake.

Mjini hapa waendesha bodaboda wana njia yao ya kuacha mikono huru: wanachomeka simu kati ya sikio na kofia ngumu, na maongezi yanaendelea kutoka Msamala hadi sokoni. Ni hatari, sikatai, lakini angalau simu haiwaulizi guru gani. Madereva wa malori ndio wenye mtambo bora kuliko yote, nao ni utingo. Unamwambia, nipigie yule jamaa wa juzi aliyetuuzia mahindi mabovu, naye anajua ni nani. Anapiga, anaongea, anakuletea jibu, na macho yako hayajatoka barabarani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, miaka ishirini hivi kabla ya simu za mkononi kufika nchini, lakini utingo alikuwepo.

Mimi sina utingo. Siku ile, baada ya lori kupita, niliendelea hadi nilipopata mahali pa kuegesha, nikazima gari, nikachukua simu kwa mkono na kumtafuta shemeji kwa kidole gumba. Alipokea kwa mlio wa kwanza. Maongezi yetu hayakufika hata dakika moja. Alitutangulia kama nilivyomwomba, na tulipofika alikuwa amesimama mlangoni na kiti cha magurudumu.

Mama alilala sehemu kubwa ya njia iliyobaki. Alizindukia Mshangano, tulipoanza kuingia mjini, akaketi vizuri, akauliza kama yule guru alipatikana.