Orodha Isiyokubali "Inasemekana"

Kila mji wa pwani unataka posta yake iwe ya kwanza, na mtunga orodha ya posta za kale ndiye anayebebeshwa kesi hiyo. Lamu ina makumbusho ndani ya nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891. Ni rahisi mgeni kutoka pale akiamini kwamba ndipo posta ya Afrika Mashariki ilipozaliwa. Mtunga orodha hodari haifuti Lamu, anaiweka mahali pake: ya kwanza ya Wajerumani pwani hii. Unguja ilikuwa na posta ya India tangu Novemba 1868, ingawa ilifungwa Aprili iliyofuata na haikurudi mpaka Oktoba 1875.

Ustadi wa kazi hii naupenda kwa jinsi unavyomhoji shahidi. Muhuri wa posta juu ya bahasha unathibitisha kwamba siku ile ofisi ilikuwa ikifanya kazi. Ilifunguliwa lini, haujui. Gazeti la serikali linatangaza siku ya kufungua, lakini tangazo huandikwa kabla ya mlango kufunguliwa. Kibao cha ukutani huja miaka mingi baadaye, tena mara nyingi hunakili kosa la kibao kingine. Na muhuri wenyewe hughushiwa, maana wapo wanaonunua bahasha za zamani kwa pesa nyingi.

Kisha lipo swali la kinachoorodheshwa, nyumba au huduma. Kati ya Agosti 1890 na Julai 1891 mji wa Unguja ulikuwa na posta za Wahindi, Wafaransa na Wajerumani kwa wakati mmoja. Anayeandika mstari mmoja tu, "Posta ya Zanzibar", amekosea mara tatu. Majina nayo yana mitego: Wilhelmsthal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Port Florence ni Kisumu. Asiyeyaunganisha ataorodhesha mji mmoja mara mbili, na hesabu yake itapendeza kwa uongo.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya Mengo, Uganda. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alipiga stempu za Uganda kwa taipureta, bei zake zikiwa za kauri, yaani simbi zilizotumika kama pesa. Wengine watauliza jengo liko wapi, wapate sababu ya kuikataa. Mimi ningeiingiza, mradi safu ya "jengo" iachwe wazi, bila kuchongewa nyumba kwa kukisia. Stempu zipo, jina la aliyezipiga linajulikana, na barua zilizobandikwa zilifika. Kuna posta zenye kuta na paa ambazo hazina ushahidi wa kiasi hicho.