Kuhuisha na Kufufua: Tinga Tinga Tales Mbele ya Utendi wa Mwindo wa Walikale

Utangulizi

Kitenzi kuhuisha kina maana mbili katika Kiswahili cha leo. Maana ya kale ni kukirudishia uhai kitu kilichokufa au kilichodhoofika. Maana mpya, iliyokuja pamoja na istilahi uhuishaji, ni kuifanya michoro itembee na kusema katika filamu. Makala haya yanazitazama maana hizo mbili kwa pamoja, kwa kuwa mfululizo wa katuni za watoto unaweza kuhuishwa kwa maana mpya, ukapendwa, kisha ukasitishwa na kukosa wa kuuhuisha kwa maana ya kale. Swali linaloulizwa ni hili: ni nani mwenye mamlaka ya kuimaliza hadithi ya watoto, na ni nani mwenye haki ya kuianza upya?

Mfano unaochunguzwa ni Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni uliotengenezwa Nairobi. Kioo cha kuutazamia ni utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Huenda ulinganishi huu ukaonekana wa mbali, kwani mfululizo ni kazi ya studio na utendi ni kazi ya fanani wa msituni. Hata hivyo, kazi zote mbili husimuliwa kwa vipindi, zote zina wanyama wasemao, na zote zimewahi kukabiliwa na hatari ya kunyamazishwa. Tofauti yao iko katika namna zinavyonyamaza.

Mfululizo na kimya chake

Tinga Tinga Tales ulianza kuonyeshwa mwaka 2010 katika CBeebies, idhaa ya BBC ya watoto wadogo. Aliyeubuni ni Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Michoro ilifanyiwa kazi Nairobi katika studio ya Homeboyz, na muziki ulitungwa na Eric Wainaina, mwanamuziki wa Kenya. Baadaye Disney nayo iliuonyesha. Vilitengenezwa vipindi 52, kila kimoja cha muda wa dakika kumi hivi, na vikaishia hapo.

Jina na sura ya mfululizo huo vimetoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya mraba. Watengenezaji wa katuni waliielewa fani hiyo. Ndege wa madoadoa, chui wa vitone na mandhari zisizo na kina hazikutumiwa kama pambo tu, bali zilifanywa kuwa ulimwengu wenye kanuni zake. Hapa ndipo mfululizo ulipofaulu zaidi. Mtoto aliyezoea katuni za Marekani alionyeshwa kwamba Afrika Mashariki ina namna yake ya kumchora mnyama, na kwamba namna hiyo yaweza kutembea.

Kwa upande wa muundo, kila kipindi ni ngano ya usuli. Huanza kwa swali: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kiboko hana manyoya. Hufuata kosa, ujanja au majivuno ya mnyama, kisha badiliko la mwili wake, na mwisho jibu. Muundo huu unamfaa mtoto wa miaka minne au mitano, anayependa kujua mapema mahali hadithi inapoelekea. Lakini muundo huohuo unaleta udhaifu. Swali hufungwa kabisa mwishoni mwa kila kipindi, na mtoto hapewi nafasi ya kubisha. Isitoshe, ngano hazitajiwi watu waliozitunga. Wanyama wote wanaishi katika nchi moja ya kubuni, nayo ndiyo inayoitwa Afrika. Kwa kuwa hadithi zilitungwa kwa Kiingereza, mtoto asiyekijua alibaki na rangi na nyimbo tu.

Baada ya vipindi hivyo 52 hapakufuata vingine. Kimya hicho hakina ajabu kwa mtu anayejua mwenendo wa televisheni. Katuni ni kazi ghali, na anayelipa ndiye anayesema imetosha. Wachoraji wa Nairobi walikuwa na ujuzi, watoto walikuwa na hamu, na ngano za Afrika haziwezi kumalizwa na vipindi 52. Kilichokosekana ni uamuzi, nao haukuwa mikononi mwao.

Ufufuo wa wenye sauti

Historia ya katuni duniani ina mifano mingi ya ufufuo. Star Wars: The Clone Wars ulisitishwa mwaka 2013, muda mfupi baada ya Disney kuinunua Lucasfilm mwaka 2012. Wapenzi wake walidai urejeshwe, na mwaka 2020 msimu wake wa mwisho ukaonyeshwa. Young Justice nao ulisitishwa mwaka 2013, ukarudi mwaka 2019. Katika mifano yote miwili watazamaji walihesabika: walikuwa wateja, waliweza kulipa, na kelele zao zilifika kwenye meza ya mwenye mali.

Ufufuo wa Tinga Tinga Tales ulikuwa wa namna nyingine. Mfululizo haukurudi katika televisheni, ulirudi jukwaani. Mwaka 2018 mchezo wa muziki wenye jina hilohilo ulionyeshwa katika New Victory Theater, jijini New York, na Eric Wainaina akiwa mmoja wa waundaji wake. Kwa jicho la mhakiki, badiliko hili si dogo. Jukwaa liliwapa wanyama miili ya watu na kuifanya hadhira iwe karibu. Mtoto aliyekuwa akitazama kioo alipata kumwona msanii akitoa jasho. Kwa hiyo hadithi, baada ya kupitia studio na setilaiti, ilirejea kwenye hali iliyo jirani na utambaji wa ngano. Lakini jukwaa hilo lilikuwa New York, na watoto walioketi mbele yake hawakuwa wale ambao babu zao waliulizana kwa nini nyoka hana miguu.

Fanani wa Walikale

Sasa na itazamwe Walikale. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, alimsikiliza fanani wa Kinyanga aitwaye Shé-kárisi Rureke akiuimba na kuusimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12. Biebuyck alishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu mzaliwa wa jamii hiyo ya Wanyanga, na mwaka 1969 utendi huo ulichapishwa katika Kinyanga na Kiingereza.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mfalme Shemwindo wa Tubondo aliwaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo alipozaliwa mvulana, akiwa tayari anatembea na kusema, baba yake alijaribu kumwua, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto alisafiri hadi kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na wajomba zake kuipiga Tubondo, akamfuata baba yake hadi kuzimu, na mwisho akagawana naye ufalme. Silaha yake ni usinga aliozaliwa nao. Kwa usinga huo anaharibu, na kwa usinga huohuo anawafufua wajomba zake na watu wa Tubondo. Baadaye, kwa kuwa ameliua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi, anachukuliwa mbinguni kufundishwa unyenyekevu kwa baridi na mateso, na anakatazwa kuwaua wanyama.

Jambo lenye uzito kwa hoja hii ni kauli ya Rureke kwamba hajawahi kabla ya hapo kuusimulia utendi wote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kusimulia sehemu iliyotakiwa jioni ile: leo ngoma majini, kesho safari ya kuzimu. Kwa maneno mengine, Mwindo alikuwa hadithi ya vipindi kabla ya televisheni. Lakini vipindi vyake havikuhitaji kuagizwa na idhaa. Hadhira iliitikia nyimbo, ikatoa zawadi, na wanafunzi wa fanani walipiga ala huku wakijifunza. Waliokuwa wakishika pambio ndio waliotarajiwa kushika hadithi kesho. Haki ya kusimulia tena ilikuwa inagawanywa katika kitendo chenyewe cha kusimulia.

Mpango huo haukuwa wa Walikale peke yake. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya uchoraji. Sanaa yake haikufa, kwa sababu ndugu na wanafunzi wake waliokuwa wakimsaidia waliendelea kuchora, na mwaka 1990 walikuwa na chama chao cha ushirika Dar es Salaam. Kuna kinaya hapa: mtindo wa kuchora ulioishi kwa sababu haukuwa na mlango wa kufungwa ulikopeshwa kwa mfululizo ambao mlango wake ulifungwa kwa uamuzi mmoja.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudai kwamba fasihi simulizi haiwezi kusitishwa. Fanani anahitaji kijiji, na kijiji kinahitaji amani. Wilaya za Walikale na Masisi zimeishi kwa miongo mitatu katika vita na uhamaji. Mji wa Walikale wenyewe ulitekwa na waasi wa M23 mwezi Machi 2025, kabla hawajaondoka mwezi uliofuata. Familia inapokimbia, wazee huenda upande mmoja na watoto upande mwingine, na jioni ya hadithi hukatika bila tangazo. Kusitishwa kwa namna hii hakuna wa kuandikiwa barua ya malalamiko. Kitabu cha mwaka 1969 kimeyahifadhi maneno ya Rureke, nacho kinastahili heshima. Lakini kuhifadhi si kuhuisha. Mtoto wa Walikale akikihitaji kitabu hicho, atakikuta katika maktaba za vyuo vikuu vya mbali.

Hitimisho

Ulinganishi huu unaonyesha kwamba uhai wa hadithi ya watoto unasimama juu ya mafiga matatu: wanaojua kuifanya, wanaoifuata, na wenye haki ya kuirudia. Tinga Tinga Tales ulikuwa na mafiga mawili ya kwanza ukakosa la tatu. Mwindo anayo haki ya kurudiwa, lakini anapungukiwa na wanaojua na wanaofuata. Ufufuo wa kweli utapatikana pale mafiga hayo yatakapokutanishwa.

Njia ya kuyakutanisha ipo. Ubongo Kids, ulioanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, umethibitisha kwamba katuni za watoto zinaweza kutungwa Dar es Salaam kwa Kiswahili na kuvuka mipaka. Kiswahili ndicho pia kinachowaunganisha Wanyanga, Wahunde na majirani zao wa Kivu. Kwa hiyo kazi ya idara za Kiswahili isiishie katika kuhakiki yaliyokwisha kutengenezwa na wengine. Utendi wa Mwindo unahitaji tafsiri ya Kiswahili inayosomeka kwa sauti, itakayotumika redioni kwanza na katika katuni baadaye, jina la fanani na la watu wake likitajwa, na Wanyanga wenyewe wakishiriki katika maamuzi. Mwindo alizaliwa na usinga wake mkononi. Hakusubiri mwenye ngoma aje amfungulie. Alisafiri ndani yake mpaka akafika kwa shangazi.