Msomaji wa Kyimbila na Vitabu Visivyorudi Nyumbani

Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kuwa kitabu ni mali yetu. Twataja Lamu, twataja Unguja, twataja makasha ya masheikh yaliyojaa hati za mkono, kisha twanyamaza kana kwamba huko bara hakuna aliyepata kupenda karatasi. Basi leo nataka nikupeleke Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kwenye migomba na mashamba ya chai, ambako mvua haina msimu wa kuchoka na kitabu kisipoanikwa huota ukungu. Nataka nikuoneshe mtu ambaye umri wake umekwenda katika kusoma na kuandika, nikuambie ninachomsifu na ninachomlaumu.

Mtu huyo ni Godfrey Mwakikagile. Alizaliwa Kigoma mwaka 1949, akalelewa Rungwe. Alisoma shule ya msingi ya Kyimbila, karibu na Tukuyu, kisha Mpuguso, kisha sekondari ya Songea, na mwisho Tambaza, Dar es Salaam, ile ambayo wazee wa Upanga waliijua kwa jina la Aga Khan. Akiwa bado mwanafunzi huko aliingia katika gazeti la Standard. Mwaka 1972 akaenda Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit. Kitabu chake cha kwanza, cha uchumi wa Afrika, kilitoka mwaka 1999.

Hesabu mwenyewe. Tangu 1972 hadi 1999 ni miaka 27. Zama hizi kijana akisoma vitabu vitatu hutaka kuandika cha nne, na jina lake liwe kubwa kuliko la kitabu. Huyu alisoma kwanza. Sisi tuliokaa mkekani mbele ya walimu, tukarudia matini moja mwaka baada ya mwaka kabla ya kuruhusiwa kuisomesha, twaijua thamani ya subira hiyo. Na alipoanza hakutua: vitabu vyake leo vyahesabiwa kwa makumi.

Katika hivyo, kilichonikaa ni kile cha maisha ya Tanganyika katika miaka ya 1950. Nakiri Kiingereza changu ni cha kujifunza ukubwani. Nilikisoma kamusi ikiwa pembeni, na pale kamusi iliposhindwa nilimwita mjukuu. Mwandishi amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mdogo, njiani kwenda shule Kyimbila, aliumwa na mbwa wa Wazungu waliokuwa na nyumba kandokando ya njia. Sasa tazama ajabu yake. Mtoto huyohuyo, alipokuwa mtu mzima mwenye kalamu, aliwatafuta Wazungu waliokaa Tanganyika zama zile, akawapa nafasi kitabuni waseme wenyewe walivyoishi. Hakuwafumba midomo wala hakuwasemea. Wangapi katika sisi, tukiandika habari za aliyetuudhi, humwachia japo nusu ukurasa ajieleze? Huo ni uadilifu, na popote niuonapo huusifu, hata kwa mtu asiyekuwa wa dini yangu.

Walakini uadilifu huo nao una hasara yake. Masimulizi ya wageni yamechukua nafasi kubwa, na mimi niliyekwisha kukaa Tukuyu kusomesha watoto nilitamani kusikia zaidi wazee wa Rungwe wenyewe: mama aliyebeba ndizi sokoni, mzee aliyechuma chai ya mwingine. Mwandishi huyu hupenda mno kunukuu. Ni tabia ya mtu aliyesoma sana: kila asemalo lazima alete shahidi, na mashahidi wakizidi sauti ya mwenye nyumba haisikiki. Pale anaposimulia ya kwake mwenyewe ndipo kitabu hupata uhai.

Lawama yangu kubwa ni ya lugha. Mwaka 2002 alitoa kitabu kinene juu ya Mwalimu Nyerere na Afrika, kwa Kiingereza. Nyerere huyo huyo, mzigo wa dola ukiwa begani, alikaa akamfasiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Yeye alilileta la Waingereza kwetu. Mwanafunzi wake akalichukua letu akawapelekea Waingereza.

Wala jambo hili si la bara peke yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufa 1947, Kiarabu chake kilimtosha kuandikia maulamaa popote. Lakini alipoanzisha Sahifa mwaka 1930, na baadaye Al-Islah mwaka 1932, alitaka asomwe na mwenye duka na mama aliye nyumbani, akaandika Kiswahili. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, akaandika kwa Kiingereza, akasikika ulimwenguni kote. Na katika mitaa ile ile ya Mombasa wako wazee wasiopata kusoma ukurasa wake mmoja. Sisemi mwana alikosea. Mwakikagile naye alipoandika juu ya Waafrika na Wamarekani weusi, angewaandikia kwa lugha gani ila yao? Lakini kitabu cha njia ya Kyimbila, msomaji wake wa kwanza yuko Kyimbila.

Na lugha haibadilishi msomaji tu, yabadilisha na kitabu. Aandikaye kwa ajili ya mtu wa mbali hana budi kumweleza kila kitu: nchi iko wapi, chifu ni nani, darasa la kwanza ni umri gani. Nimemwambia mjukuu wangu, ambaye Kiingereza chake ni bora kuliko changu, tuanze kufasiri kurasa za utoto, daftari moja kwa mwezi, kwa kusoma hapa nyumbani tu. Tumefika kwenye mbwa. Maelezo yaliyokuwa ya mgeni tunayaruka, na kisa kimekuwa kifupi, mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele, aliacha ungo akauliza: “Na wenye mbwa walisemaje?”