Benchi la Fundi wa Gemu za Kaseti, Kabuga

Kabla hajashika bisibisi, fundi huinusa mashine. Anaiinua mpaka usawa wa pua, pale penye matundu ya hewa, anavuta pumzi mara moja, kisha anaiweka mezani. Harufu ya vumbi haimtishi. Harufu ya plastiki iliyoungua ndiyo humfanya asimamishe kazi nyingine zote na kuishika adapta kwanza. Hii ya leo inanuka vumbi tu, na moshi kidogo, kwa kuwa ilikaa miaka juu ya kabati la jikoni.

Mama mwenye mashine aliiacha asubuhi akielekea sokoni. "Fundi, taa nyekundu inawaka vizuri, lakini TV inabaki kijivu," alisema. "Na watoto wako likizo." Fundi alimwuliza jambo moja: "Mama, iliharibika ghafla au ilianza kidogo kidogo?" Kidogo kidogo, alijibu mama. Kwanza picha zilikuja na mistari, baadaye kaseti ikawa haisomi mpaka uitikise. Fundi aliitikia kwa kichwa na kuandika maneno hayo kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya ganda. Kwake yeye, maelezo ya mteja ni sehemu ya vipimo.

Kibanda kiko Kabuga, upande wa mashariki wa Kigali, katika sekta ya Rusororo wilayani Gasabo, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Rwamagana na Kayonza hadi mpaka wa Rusumo. Malori ya Dar es Salaam hupita hapo mchana kutwa, na madereva wenye chaja mbovu ni wateja wake wa kudumu. Mkate wake unatoka kwenye simu, redio na sabufa. Gemu za kaseti ni kazi ndogo, huja kwa msimu, na huzipangia saa za alasiri ambapo watu wamepungua na mkono umetulia.

Ganda la mashine hii limeiga umbo la PlayStation, lakini ndani ni uzao wa Famicom, mashine ambayo Nintendo walianza kuiuza Japani tarehe 15 Julai 1983, kazi ya timu iliyoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura. Viwanda vya Asia viliinakili kwa miaka mingi. Urusi waliijua nakala hiyo kwa jina la Dendy, Afrika Kusini kwa jina la Golden China. Huku kwetu ukitaja gemu ya kaseti, au Mario, umeeleweka. Famicom yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Ujumbe wa sauti wa sekunde chache kwenye simu ya leo hauwezi kutoshea humo. Gemu zilizolea watoto wa dunia nzima zilifanya kazi ndani ya nafasi hiyo, na naamini ndiyo maana zinamvumilia fundi mpaka leo: hazina kitu cha ziada, kwa hiyo hakuna pa kujificha ubovu.

Skrubu sita zinatoka chini ya ganda. Anaziweka ndani ya vifuniko vya soda alivyovipanga kwa mpangilio ule ule wa matundu, kwa kuwa mbili ni fupi, na ndefu ikilazimishwa kwenye tundu la fupi hupasua plastiki. Anapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, kutoka mbali, halafu anasugua pembe za bodi kwa mswaki mkavu. Hakuna haraka. Kijana anayejifunza kwake tayari ameshika chuma cha kulehemu, lakini fundi anamwashiria akirudishe kwenye kishikizo chake.

"Umeme kwanza," anamwambia.

Anachomeka adapta peke yake na kuipima kwa mita. Imeandikwa volti 9, mita inasoma karibu 13. Kijana anashtuka. Fundi anamweleza kwamba adapta za bei nafuu husoma juu zikiwa hazina mzigo; subiri uipe kazi, itashuka. Kisha anaiunganisha na kuhamia kwenye kitu chenye miguu mitatu na mgongo wa chuma kilichosimama pembeni mwa bodi. Ni 7805, kidhibiti kinachopokea volti za adapta na kutoa volti 5 ambazo chipu inazitaka. Mguu wa kuingilia uko sawa. Mguu wa kutokea unasoma 4.6, unapanda 4.8, unashuka tena. Hapo wengi wangeitoa 7805 na kuweka nyingine. Yeye anaiacha mashine iwake, anakunja mikono na kungoja. Dakika zinapita. Anagusa mgongo wa chuma kwa nyuma ya kidole: una joto la kawaida. Anagusa kapasita ya jirani, mkebe mdogo mweusi, nao una joto ambalo haupaswi kuwa nalo. Anainamisha bodi kwenye mwanga wa dirisha, na sasa nami naona: kichwa cha kapasita, ambacho kingepaswa kuwa bapa, kimevimba kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa na kucha.

Kuitoa kapasita hiyo ni sehemu niliyoipenda kuliko zote. Lehemu ya zamani, iliyokauka, haiyeyuki vizuri; ukiikandamiza kwa moto mrefu, utepe wa shaba ulio chini yake hubanduka na bodi imekwisha. Kwa hiyo anaanza kwa kuongeza. Anagusisha waya wa lehemu mpya kwenye mguu, ile mpya inayeyuka na kuifuata ya zamani, zote zinakuwa kimiminika kimoja, na mguu unatoka bila kuvutwa. Mguu wa pili vivyo hivyo. Tundu linalobaki analizibua kwa kijiti cha meno, kwa sababu mbao haishikani na lehemu. Kapasita ya kuweka anaichagua kutoka kopo la vipuri vilivyonyofolewa kwenye redio na TV zilizokufa: mikrofaradi 1000, volti 16, sawa na ile iliyotoka. Anaipima kabla ya kuiamini. Upande wenye mstari mweupe ni hasi, na anamtaka kijana auonyeshe kwa kidole kwanza. Mifupa ya mashine zilizonyonywa vipuri hadi mwisho huwekwa kwenye gunia. Wilayani Bugesera kuna kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki, nako ndiko mahali pake.

Lehemu mpya inapoa. Ya fundi mzuri utaijua: inang'aa, na inapanda kwenye mguu kwa mteremko laini. Ile iliyokaa kama tone juu ya bodi haijashika. Mita sasa inasoma 5.0 na imetulia.

Baada ya umeme ni mdomo wa kaseti. Una pini 60, safu mbili za 30, na kila pini ni chemchemi ndogo ya shaba inayopaswa kuibana kaseti. Watoto wakiitikisa kaseti miaka mingi, pini hulala. Anachukua sindano ya cherehani iliyofungwa kwenye kalamu tupu na kuinua pini moja moja, kwa kipimo kile kile, kuanzia kushoto. Ukizidisha, pini inakatika na hakuna pa kuinunua. Ukipunguza, haigusi. Hahesabu kwa sauti, ila midomo inacheza. Akifika mwisho wa safu anarudi kuipitia upya kwa jicho, mdomo wa mashine ukielekezwa kwenye mwanga, akitafuta pini iliyojitenga na wenzake. Anaipata moja, anairudisha mstarini.

Kaseti nayo inafunguliwa. Ndani yake kuna bodi ndogo kuliko kiganja na tone jeusi la utomvu mgumu katikati. Chipu imelala chini ya tone hilo, uchi, bila ganda lake. Tone likifa, fundi hana la kufanya, na huwaambia wateja hivyo mapema. Kinachotibika ni meno ya shaba ya ukingoni. Pamba yenye spiriti inapita mara ya kwanza na kutoka nyeusi. Mara ya pili, kijivu. Sehemu sugu anaisugua kwa raba ya mwanafunzi, taratibu, kwa mwelekeo mmoja, kisha spiriti tena. Karatasi ya juu imeandikwa gemu 9999 kwa moja. Kwa kweli ni chache, zinazojirudia kwenye orodha kwa majina tofauti, na wauzaji wa kaseti hizo hawakupaswa kuwadanganya watoto namna hiyo. Hata hivyo zile chache zinamtosha fundi, kwa sababu kila moja ameigeuza kipimo.

Kwenye rafu anayo TV ya kichogo, inchi 14, aliyokataa kuiuza. Anaanza na Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985 ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Anatazama mandhari inavyosogea: ikikatika, kuna pini isiyogusa. Gemu nzima ni kilobaiti 40, na ukitazama vizuri utaona wingu la juu na kichaka cha chini vina umbo lile lile, rangi tu ndizo zimebadilishwa. Mtu alikaa akafikiri mpaka akapata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Fundi amezijua picha hizo kwa muda mrefu, kwa hiyo kichaka kikitoka kimechakaa na wingu nalo limechakaa vilevile, anajua kosa liko kwenye kaseti na si kwenye TV. Kisha anafumba macho na kusikiliza muziki wa Koji Kondo. Mashine ina njia tano za sauti, na anazitafuta nne kati yake, moja moja: ya juu, inayoisindikiza, besi, mshindo wa ngoma. Muziki unakwenda polepole kidogo kuliko ulivyotungwa, kwa kuwa TV za huku huchora picha 50 kwa sekunde na za Japani karibu 60. Hilo si ubovu.

Contra ya Konami anaiweka kwa ajili ya picha zinazopepesa. Famicom huweza kuonyesha vipande vinane tu vya wahusika katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, waandishi wa gemu walivipokeza zamu, hiki kionekane sasa, kile kionekane picha ifuatayo, na jicho lijaze lenyewe. Mteja asiyejua hudhani mashine inakufa. Fundi anataka kuuona upepesaji huo, tena mahali pake, maadui wakijaa. Usipokuwapo, au ukitokea skrini ikiwa tupu, anarudi kwenye bodi.

Battle City, vifaru vya Namco vinavyolinda tai, ni kipimo cha pedi mbili. Kijana anashika ya kwanza, fundi ya pili, na kifaru cha fundi hakiendi kushoto. Pedi inafunguliwa. Kamba yake ina nyaya tano tu kwa vitufe vinane, na namna inavyowezekana ni ya kupendeza: mashine huviuliza vitufe kimoja kimoja, A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia, makumi ya mara katika kila sekunde, na kila kimoja hujibu kwa zamu kupitia waya ule ule. Kwa kuwa kulia kunajibu, nyaya zote ni nzima. Kosa limebaki kwenye kipande cheusi cha mpira chini ya kitufe cha kushoto, kilichofutika kaboni yake kwa dole gumba la mtoto fulani. Anakisafisha, anakipaka risasi ya penseli laini tabaka juu ya tabaka, anafuta unga uliozidi, anafunga. Kifaru kinakwenda kushoto.

Mwisho ni bunduki ya Duck Hunt. Ukivuta kifyatulio skrini huwa nyeusi kwa picha moja, kisha mraba mweupe huchorwa pale alipo bata, na jicho lililo ndani ya mtutu hutazama kama limeona weupe. Bunduki haipigi kitu, inapokea mwanga. Fundi anaifuta lenzi kwa pamba, anapiga bata wawili, anaelekeza ukutani na kupiga tena ili kuhakikisha kwamba anakosa.

Mama anarudi jioni na mifuko ya karatasi yenye viazi na dodo. Fundi anamwachia acheze mwenyewe kwanza. Halafu anamwuliza, "Nyumbani mna TV gani, mama?"

"Ya flati."

Anamwambia Mario na vifaru vitaonekana, achomeke waya wa njano kwenye tundu la njano. Bunduki haitakubali, kwa sababu flati huchelewesha picha na mwanga wake si ule ambao bunduki inautambua. Anamwonyesha ikifanya kazi kwenye TV ya kichogo, ili asidhani ameuziwa maneno. Anamkabidhi na kipande cha kitambaa kikavu. "Kaseti wasiipulizie mdomoni. Unyevu unakula shaba. Wazime kwanza, ndipo waitoe, wafute na hiki."

"Sawa, fundi. Ukiona TV ya kichogo inauzwa bei nzuri, nipigie."

Fundi anaandika namba yake kwenye kadibodi ya ukutani, chini ya majina mengine matatu yanayosubiri TV ya namna hiyo.