Gofu Ilirudi, Aliyebeba Mfuko Hakuonekana

Bandugu wa page, leo niko na kesi na televisheni. Nimechelewa kuileta, najua, juu mambo yenyewe ni ya 2020 na 2021, wakati wa Covid. Lakini wiki hii nilikaa na simu usiku, nikaangalia tena mashindano ya gofu yaliyorudi wakati ule, na hasira ikarudi nayo.

Mimi ni mtoto wa Karavia. Kwetu gofu si kitu cha kwenye filamu. Barabara yenyewe inaitwa Route du Golf, na majani ya uwanja yamekatwa vizuri kuliko nywele za bwana harusi. Hata hivyo wengi wetu hatujawahi kushika fimbo ya gofu hata siku moja. Tunaujua mchezo kupitia vijana wanaobeba mifuko ya fimbo, makadii. Jirani yetu mmoja alikuwa kadii. Jioni alikuwa anatusimulia: bosi fulani wa mine alitupa mipira mitatu majini, halafu akamlaumu yeye. Tunacheka, bukari inafika, anaendelea. Njo kupitia kwake nilijua kwamba kadii si punda. Ndiye anajua kutoka hapa mpaka shimoni ni mita ngapi, upepo unasukuma wapi, leo utoe fimbo gani, na hapa karibu na bendera mpira utapinda upande gani. Mchezaji anapiga, lakini kabla ya kupiga ameuliza.

Halafu Machi 2020 ikafika. Munakumbuka zile saa 48 ambazo Lubumbashi nzima ilifungwa, hata mbwa walishangaa barabara. Ikaja hali ya dharura ya nchi, mipaka ikafungwa, ndege zikasimama. Watu wa mine wengi wakafungiwa ndani ya site, wanalala huko huko. Linafoot haikumalizika, Mazembe wakapewa ubingwa bila kucheza mpaka mwisho. Na yule jirani, bila wa kumbebea mfuko, akaanza kuuza makala.

Sasa katika hali hiyo, mimi mwanafunzi bila auditoire, siku ya courant naangalia gofu. Mchezo mmoja mkubwa wa kurudi mbele ya kamera ulikuwa ule wa hisani kule Florida, Mei 17, uwanja wa Seminole. Rory McIlroy na Dustin Johnson dhidi ya Rickie Fowler na Matthew Wolff. Hakuna watazamaji, hakuna makadii. Kila mmoja alibeba mfuko wake mwenyewe, na kaptula juu. Picha hiyo ilizunguka dunia kama kitu cha kuchekesha: angalia, mamilionea wanabeba! Mimi pia nilicheka. Baadaye nikajiuliza kwa nini inachekesha.

Ligi yao kubwa ya Marekani, iliyokuwa imesimama tangu Machi baada ya siku moja tu ya shindano la Florida, ikarudi Juni 11 kule Fort Worth, Texas. Hapa niwe mkweli: kama kazi ya televisheni, siku zile zilikuwa na uzuri wake. Bila makelele ya watu, ulisikia mpira unavyoingia shimoni. Ulisikia viatu kwenye majani. Siku ya mwisho Collin Morikawa alikosa mpira mfupi kabisa kwenye shimo la ziada, Daniel Berger akachukua kombe, na hakuna aliyeguna. Kimya tu. Kukosa kwa namna ile, bila hata mtu mmoja wa kukuonea huruma, sijawahi kuona kwenye mchezo mwingine. Filamu nyingi zinatafuta kimya cha vile na hazikipati.

Lakini juu ya kimya kile watangazaji walijenga hadithi, na njo hadithi ninayoikataa. Walisema gofu imeumbwa kwa wakati huu: uko nje, hewa ni nyingi, kila mtu yuko mbali na mwenzake. Mbali na nani? Kadii anatembea na mchezaji saa nne nzima. Wanainama pamoja kusoma majani, wanashika fimbo ile ile, wananong'onezana. Umbali ulikuwa kati ya mchezaji na mchezaji. Hesabu haikumwingiza mtu wa mfuko.

Ugonjwa ulimwingiza. Mwezi ule ule wa Juni, kadii wa Brooks Koepka alipimwa, akakutwa na virusi. Koepka akajitoa kwenye shindano lililokuwa linafuata, yeye mwenyewe akiwa hana kitu. Kadii wa Graeme McDowell vilevile, na McDowell akajitoa. Fikiria, mtu ambaye kamera inamkata kichwa ili ibaki na sura ya bosi wake, ndiye aliyeweza kusimamisha kazi yote. Pale ungetegemea watangazaji wabadilishe hadithi yao. Haikubadilika.

Tuje kwetu Afrika Mashariki. Kenya Open, shindano la tangu 1967, lile ambalo Seve Ballesteros alilishinda 1978, lilikosa kuchezwa 2020. Likarudi Machi 2021 pale Karen Country Club, Nairobi, likiwa na pacha wake: mashindano mawili ya ziara ya Ulaya, wiki moja nyuma ya nyingine, uwanja ule ule, bila watazamaji. Justin Harding wa Afrika Kusini akashinda la kwanza, mapigo 21 chini ya kiwango. Picha zilikuwa za kupendeza, siwezi kubisha: miti mikubwa, na mpira unaoruka mbali juu Nairobi iko juu. Karen ni mashamba ya kahawa ya zamani ya Karen Blixen, na klabu ilifunguliwa 1937. Mtoto wa mji uliozaliwa Élisabethville anaelewa haraka majani yale yalipandwa kwa ajili ya nani.

Shindano la pili, Savannah Classic, liliisha Ijumaa, Machi 26. Daniel van Tonder alimshinda Jazz Janewattananond kwenye shimo la ziada. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alifunga Nairobi na kaunti nne za jirani, akasimamisha michezo na vilabu vya wanachama. Siku hiyo hiyo, wapendwa! Mabwana walikuwa wamemaliza, kombe limepigwa picha. Vijana wa Nairobi wanaoishi kwa mfuko wakabaki na lango lililofungwa mpaka Mei. Mimi sisemi mashindano yangefutwa. Nchi ilihitaji franga na jina zuri, na mchezaji naye ana watoto. Nasema paka hivi: kichwa cha habari kilikuwa «gofu imerudi Kenya», na jioni ile gofu ya Wakenya ilikuwa imefungwa. Mtangazaji anayeacha habari moja kati ya hizo mbili hajamaliza kazi yake.

Kitu kimoja kilinitoa kwenye uchungu. Kadii wa van Tonder siku ile alikuwa mke wake, Abigail. Mara chache, ile Ijumaa, kamera iliwashika wote wawili ndani ya picha moja, wakiongea kabla ya pigo, na ghafla ukaona gofu jinsi ilivyo, mchezo wa watu wawili. Lakini nadhani waliwaonyesha juu ni mume na mke. Angekuwa kijana wa kukodi, wangemkata kichwa kama wengine.

Jana nilimpelekea jirani simu aangalie kipande hicho. Siku hizi amerudi uwanjani, ila si kila siku, makala hajaacha. Aliangalia mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akaangalia tena. Nilidhani anatafuta mpira umeingia vipi. Kumbe anaangalia bega.

«Ule mama anajua kazi,» akasema. «Angalia mukanda ameuweka wapi.»