Amani, Imani na Swali la Ukarimu

Marehemu Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia upande wa Cherangany karibu na Kitale, ana kisa katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ambacho watahiniwa wengi hukipitia mbio. Mtoto mchanga, Uhuru, anaachwa kibandani mwa Amani. Amani ni mtumishi, hana mbele wala nyuma. Hata hivyo yeye na Imani wanamlea. Aliyemzaa ni Mtemi Nasaba Bora, mwenye mashamba na mamlaka.

Riwaya hii ilipotahiniwa katika KCSE (2013 hadi 2017), tulizoea jibu hili: Amani ni mkarimu, na wema hulipwa. Sehemu ya pili haina mashiko. Mtoto anafariki na walezi wanatiwa korokoroni. Ni kweli Amani anapata ardhi mwishoni, lakini si kwa sababu ya kumlea Uhuru. Msomaji anawaunga mkono wawili hawa wakati ambapo wema wao unawaponza, na hapo ndipo hadithi inapoweza kumgusa mchoyo.

Inaweza tu. Darasani kwangu wanafunzi watatu walitumia nakala moja. Aliyeusuta ubinafsi wa Mtemi kwa ufasaha zaidi ndiye aliyekuwa amekificha kitabu wiki nzima. Nilimpa alama 18 kati ya 20.

Mwalimu mwenzangu, wajaribu wako kwa swali hili: Je, Amani angelaumiwa na nani iwapo angemkataa mtoto yule? Jadili. (alama 20)